Kilichokwisha ni injini, gari bado lipo: msiliuze kwa kilo

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule msomaji wa Ahero kuhusu lile gari la magurudumu sita la kamati ya mafuriko, pale alisema liuzwe kwa watu wa skrepi juu limekaa tu nyasi zinamea chini yake na watoto wanapanda kucheza, na mimi kama fundi wa hapa Kisumu ambaye nimelifungua hilo gari nikaona tumbo lake lote nataka kumwambia pole pole ndugu yangu, hapo umekimbia sana. Kilichokwisha ni injini. Gari lenyewe bado lipo. Alafu hata hiyo hesabu ya skrepi haijakaa sawa, manake bodi yote ya hilo gari ni plastiki, mwenye mizani atawalipia ekseli na cheni na giaboksi kisha plastiki atawaachia hapo hapo uwanjani, mtabaki bila gari na takataka ni yenu.

Kwa wale hawajawahi kuliona, hizi ni gari za kwenda nchi kavu na majini, zilianza kutengenezwa Kanada na Marekani miaka ya sitini kwa ajili ya wawindaji na watu wa kwenye vinamasi. Wale wa Ontario Drive & Gear wa Kanada walitoa Argo ya kwanza 1967 na mpaka leo Argo bado zinaundwa, na kule Buffalo, New York, kulikuwa na Recreatives Industries waliokuwa wanaunda ya kwao inaitwa Max. Ni kama beseni kubwa limewekewa tairi tatu kila upande. Haina springi wala shoki, tairi zenyewe ndizo springi, nono na laini, zinawekwa upepo kidogo sana pauni 2 au 3 hivi, ndio maana inapita kwenye tope ambalo matatu ingelala hapo mpaka kiangazi. Za zamani hazina usukani, kuna levo mbili mbele ya dereva, ukivuta ya kushoto upande wa kushoto unazuiwa, wa kulia unaendelea kusukuma, gari linageuka papo hapo. Ikiingia majini ni zile zile tairi zinapiga maji kwa meno yake, hakuna pangaboi, na mwendo wake majini ni wa mtu anatembea, kilomita 3 mpaka 5 kwa saa.

Yule msomaji pia aliuliza kwani boti zina kasoro gani. Boti hazina kasoro, lakini huyo bila shaka anaijua Kano kunishinda mimi, anajua maji ya mafuriko pale si ziwa, hapa yako kwa magoti, hatua chache mbele ni tope la udongo mweusi, alafu barabara, alafu mfereji wa mpunga unakumeza mpaka kifua. Boti inakwama kwenye tope watu wanashuka wanasukuma, Land Cruiser inazama kwenye shamba, na mama mjamzito anangojea juu ya meza. Sisi wote tuliona 2020 mwezi wa tano ziwa lilivyopanda likapita mpaka ile rekodi ya 1964 ambayo wazee walikuwa wanatusimulia, tukaona tena 2024 Nyando na kule Budalang'i. Kwa maji ya namna hiyo, ya kina kisichoeleweka, hakuna kitu kinafaa kuliko hiki kigari. Ila tusidanganyane, si cha kuvuka Nzoia ikiwa imefura. Mto ukienda kasi kuliko mtu anayetembea basi unakubeba na gari lako, na hapo injini kubwa haikusaidii chochote juu tairi hata ukizizungusha namna gani zinachapa povu tu. Anayetaka mwendo majini afunge autobodi ndogo nyuma, ile injini ya boti, kuna mabano ya kazi hiyo yanauzwa na hata fundi wa kuchomelea wa soko la Kibuye hapa mjini anaweza kuyatengeneza asubuhi ukachukua jioni.

Sasa injini. Iliyokuwa ndani ni tu-stroki ya silinda mbili, zile za kuchanganya oili na petroli ndani ya tanki, nyingi za hizi gari za miaka ya sabini zilikuja na injini za namna hiyo, kuna JLO za Ujerumani na nyinginezo, nyepesi na zenye nguvu kwa saizi yake. Shida ya kwanza ya tu-stroki kwa gari la kamati ni kwamba ni gari la watu wengi. Leo anajaza huyu kesho anajaza yule, usiku, mvua inanyesha, watu wanapiga kelele, na siku mtu atamimina petroli tupu bila oili ndani yake hiyo injini haifiki jioni, manake tu-stroki haina oili nyingine mahali popote, kila kitu ndani kinapata oili kutoka kwa ile petroli. Silinda moja ya hili gari imekwaruzwa kutoka juu mpaka chini, na ukishaona hivyo huhitaji kuuliza nani alijaza.

Watu wengi wanafikiri tu-stroki ikichoka dawa ni ringi. Unapima kompresheni, ule mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji, nzuri ni pauni mia na kitu kwenda juu, ikishuka kwenye tisini kurudi chini inaanza kusumbua kuwaka na majini inakufa ovyo, basi mtu ananunua ringi anaweka, inalia vizuri, kila mtu anafurahi, na baada ya muda mfupi pistoni imetoboka juu. Kwa nini? Juu hakugusa sili za kranki. Kwenye tu-stroki ile nyumba ya kranki nayo ni pampu, mchanganyiko unaingia huko kwanza ndio upande kwenye silinda, sili ikikauka na kupasuka kwa uzee inavuta hewa ya bure, mchanganyiko unakuwa mwembamba, joto linapanda na pistoni inayeyuka. Kwa hivyo anayesema afufue ile ya zamani ajue ni ringi, pistoni, sili zote mbili, beringi za kranki na kuchonga silinda. Kuchonga si shida, mafundi wa lethi wapo hapa mjini na kazi yao ni safi. Shida ni pistoni ya kuingia kwenye silinda iliyochongwa, hiyo ya injini ya umri huo kuipata ni kuomba Mungu, na kijana mmoja aliponiambia "omera, si tuweke pistoni ya boda yenye upana huo huo" ilibidi nimkalishe chini nimwonyeshe. Pistoni ya tu-stroki ina vipini vidogo kwenye mtaro wa ringi vya kuzuia ringi isizunguke, kwa sababu silinda yake ina madirisha ubavuni, ringi ikizunguka ncha zake zikaingia kwenye dirisha zinavunjika na kula silinda. Pistoni ya boda, ambayo ni fo-stroki, zile injini zisizochanganywa oili na petroli, haina hivyo vipini. Itapiga kelele dakika chache alafu kimya.

Basi ni kubadilisha injini, na hapo ndipo kila mtu kwenye kamati ana maoni. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alitaka injini ya Probox. Mzee wangu, shikamoo, lakini Probox ina rejeta na maji na giaboksi yake na uzito ambao watu wawili hawabebi, tukiweka hiyo gari litaelea likiwa limeinamisha pua na abiria atakuwa dereva peke yake. Kwenye haya magari kila kilo unayoongeza kwa injini unaitoa kwa watu, na majini mzigo unapunguzwa zaidi kuliko nchi kavu, hiyo si ya kubishana. Mwingine akasema injini ya boda. Hiyo nayo ina gia zake na klachi yake ndani, na zaidi ya yote inapozwa na upepo wa barabarani, haina feni, ukiifungia ndani ya beseni la plastiki itaiva. Ya tuktuk ina feni yake, sawa, ila nguvu yake ni ndogo kwa gari ambalo kukata kona tu ni kukokota tairi tatu kwenye tope.

Ninayoitaka mimi ni injini ya kawaida ya shafti ya kulala, inayotokea ubavuni, zile zile za kwenye pampu za maji na jenereta, fo-stroki, yenye feni kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ambayo oili yake iko chini ndani ya injini kwa hivyo mtu yeyote anajaza petroli tu na kwenda. Honda GX390 ni cc 389, silinda moja, kilo 31 hivi, na shafti yake ni inchi moja kamili. Ile ya Kichina iliyonakiliwa kwake wanaiita 188F, kwa sababu pistoni ni milimita 88 kama ya Honda, na spea nyingi zinaingiliana, ringi, gasketi, kabureta, unazipata kwa maduka ya pampu hapa hapa bila kungoja meli. Kampuni moja ya ng'ambo iliipa kamati bei ya injini maalum ya hilo gari, mimi niliona ile karatasi nikairudisha haraka. Sasa GX390 Honda wenyewe wanaihesabu nguvu farasi 11 na kidogo, ni kidogo kuliko ile tu-stroki ya zamani, inatosha kwa watu wawili watatu polepole lakini kwa kupanda ukingo wa mfereji ukiwa umebeba inahema. Kama pesa ipo mimi ningechukua V-twin, ile ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V, GX630 ni nguvu farasi karibu 21, uzito kilo 44 hivi, na kuna nakala zake za Kichina, na pia kuna V-twin nyingine za Briggs & Stratton wanaziita Vanguard ambazo hata viwandani zilikuwa zinafungwa kwenye magari ya aina hii.

Na kuna sababu nyingine ya kupendelea V-twin ambayo watu hawaifikirii. GX390 haina pampu ya oili, kuna kijiko chini ya koneksheni, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, kinachota oili na kuirusha rusha humo ndani, kwenye pampu ya maji iliyokaa sawa hiyo inatosha kabisa, lakini gari likisimama na pua juu kwenye ukingo oili inakimbilia upande mmoja. Alafu nyingi zina ile sensa ya oili inayozima injini ikiona oili imepungua, na sensa haijui tofauti ya oili kupungua na oili kukimbilia nyuma. Hebu fikiria umetoka majini, tairi za mbele zimeshika ukingo, za nyuma bado zinaelea, una watoto ndani, injini inazima yenyewe. Kama mtaweka GX390 huo waya wa sensa utolewe na mtu apewe kazi ya kupima oili kila asubuhi kwa kijiti. Hizo V-twin za Honda zina pampu inayosukuma oili kwa presha.

Hapo kwa farasi pia kuna hesabu ya mahali tunapoishi. Zile namba za kwenye boksi ni za usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1130 na kitu, na injini ya kabureta inapoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo Kisumu umeshapoteza kama asilimia 13 kabla hujawasha, na ndugu zetu wa Nakuru walio kwenye mita 1850 wamepoteza kama ishirini na moja. Nakuru wanahitaji pia jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu cha kupitisha petroli, Honda wanashauri hivyo kuanzia mita 1500, la sivyo itakuwa inakula petroli na kutoa moshi mweusi na plagi zinakuwa kama mkaa. Kisumu jeti ya kawaida inafanya kazi.

Sasa nije kwa klachi, na hapa naomba kamati wasome polepole, juu hapa ndipo gari nyingi za aina hii zilizobadilishwa injini zinakuja kulaumiwa bure. Kati ya injini na giaboksi hakuna klachi ya kukanyaga, kuna pulii mbili na belti pana, kama umeshafungua skuta ndogo utakuwa umeona kitu cha ukoo huo. Pulii ya injini ina vyuma vya uzito ndani yake, injini ikiongeza mwendo vile vyuma vinatanuka vinabana pulii, belti inapanda, ya upande wa giaboksi inafunguka, na hiyo ndiyo gia zako zote. Hiyo pulii ya injini ndiyo klachi yenyewe, na ya tu-stroki imewekewa springi ngumu, haishiki mpaka injini ifike mizunguko elfu tatu na zaidi kwa dakika, na inamaliza kupanda kwenye elfu tano na nusu au sita. Injini ya pampu ina gavana, kile kifaa cha kuzuia mwendo, inayoifungia kwenye mizunguko 3600. Unaona shida? Inapoanza kushika ndipo injini imefika mwisho wa pumzi. Belti inateleza, inanuka, inang'aa kama kioo, dereva anasema injini ya Kichina haina nguvu, kamati inasema fundi ni mwongo, na injini haina kosa lolote. Dawa ni springi laini na vyuma vizito zaidi ili ishike kwenye 1800 au 2000, ama kununua klachi nzima iliyoundwa kwa fo-stroki yenye tundu la inchi moja, na kwa GX630 ni inchi moja na moja ya nane, pimeni kabla ya kulipa.

Wapo watakaosema basi tutoe gavana injini iende elfu tano. Hapana. Koneksheni ya hizo injini haikuundwa kwa huo mwendo, ikikatika inatoka kwa ubavu wa injini, na flaiwili nayo ya chuma cha kumimina ikipasuka haichagui nani amekaa karibu. Nimeona vijana wakifanya hivyo kwenye vigari vya kuchezea na wanashangiliwa, lakini hili ni gari la kubeba watoto wa watu.

Klachi ya zamani haiwezi kuingia kwa injini mpya hivi hivi tu, manake shafti ya tu-stroki imechongwa nyembamba kuelekea nchani na ile ya pampu ni ya moja kwa moja yenye ufunguo. Kuna watu watataka kuchomelea. Msiwakubalie hata wakiwapa bei ya rafiki. Pulii inayozunguka mara elfu tatu kwa dakika ikiwa imepinda kidogo tu inatikisa mpaka beringi ya kranki inalia, chongeni bushi kwenye lethi kwa vipimo. Na umbali kati ya pulii mbili uwe ule ule wa zamani, upimeni kabla ya kutoa injini ya zamani na si baada, watu wanatoa kwanza kwa furaha alafu wanaanza kukisia. Sahani ya kufungia injini itobolewe matundu marefu ili injini iweze kusogezwa nyuma mbele mpaka belti ikae, na sahani hiyo ishikwe kwenye fremu ile ile inayoshika giaboksi, juu injini ya silinda moja inatetemeka na ikitetemeka peke yake belti inaumia.

Kitu kingine ni upande wa kuzunguka. Injini hizi karibu zote zikitazamwa kwa upande wa shafti zinazunguka kinyume cha saa. Ukiigeuza ikae kinyume na ya zamani ili tu ipate nafasi, gari litakuwa linakwenda nyuma ukitia gia ya mbele. Inachekesha, lakini imewahi kufanyika na watu walishachomelea kila kitu.

Mwendo wa mwisho barabarani utapungua, hiyo lazima niseme mapema mtu asije kulalamika, injini inazunguka mara 3600 pale ya zamani ilikuwa inaenda elfu tano na zaidi, kwa hivyo utabaki na kama theluthi mbili ya ile kasi. Mnaweza kubadilisha sproketi mkairudisha. Mimi ningeacha. Haraka ya kwenda wapi? Gari linapelekwa Nyando juu ya lori, likifika linashushwa linaingia majini, na kule chini mnataka nguvu ya kuvuta, ambayo fo-stroki inayo kwa mizunguko midogo.

Joto la Kisumu mnalijua. Feni ya flaiwili inavuta hewa kutoka nje ya injini inaipitisha kwenye mapezi ya silinda inatoa moto upande wa pili, na ndani ya hili gari injini imefungiwa chini ya kifuniko, kwa hivyo hewa iliyotoka na moto inavutwa tena ile ile. Fundi atengeneze mfereji wa bati, hewa baridi iingie kwa njia yake kutoka juu na ya moto itolewe kwa njia yake, zisikutane, na sailensa ifungwe kitambaa cha kuzuia joto pale inapopita karibu na plastiki. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatulia chini. Gari la kawaida lina matundu chini unatoka, hili ni beseni lililozibwa lisiingie maji, kwa hivyo petroli ikivuja tone tone usiku kucha ule mvuke uko pale chini unangoja, na chini hapo hapo ndipo kuna pampu ya umeme ya kutoa maji ambayo mtu anawasha swichi asubuhi. Hozi za petroli zote mpya, bila huruma, na kabla ya kuwasha chochote vizibo vya chini vifunguliwe kifuniko kiinuliwe upepo upite.

Hiyo pampu ya kutoa maji inahitaji betri, na betri inahitaji chaji, ndio maana msinunue ile injini rahisi ya kuvuta kamba peke yake. Nyingi za kamba hazina koili ya chaji. Nunueni ya selfu, na kwa GX390 ile ya selfu inakuja na kamba pia, betri ikifa katikati ya maji bado unavuta.

Lakini hata kabla ya injini, inueni gari tairi zote sita zitoke chini, wekeni nyutro, zungusheni kwa mkono kila upande. Msikilize. Cheni za ndani zinashika kutu gari likikaa, beringi za ekseli zinaingiwa na maji sili zikichoka, na upande mmoja wa hili gari unazunguka kwa shida kwa sababu hiyo hiyo. Mkiweka injini mpya juu ya cheni mbovu nguvu yote inaishia kupigana na kutu, na ile cheni inayotoka kwa giaboksi ikikatika majini upande mmoja unakufa na mtakuwa mnazunguka pale pale kama pia ya watoto, watu wa juu ya paa wanawaangalia.

Kwa hivyo ombi langu kwa kamati, na nasema mbele ya wasomaji wote ili isije kuwa ni maneno ya gereji. Msiite zabuni ya skrepi sasa. Lileteni gari mjini kabla mvua ya Machi haijaanza, tufungue cheni na beringi kwanza, mkiona hizo zimekufa kabisa basi nitanyamaza muuze. Zikiwa nzima, nunueni injini yenye spea hapa, na fundi, awe mimi au mwingine, alipwe nusu ya pesa siku gari likipanda ukingo wa mfereji likiwa na mzigo na si siku likiwaka uwanjani, manake kuwaka uwanjani kila injini inaweza.

Na kama kuna msomaji wa Nakuru au Naivasha, kwa wale wenye mashamba karibu na ziwa ambao waliwahi kuwa na gari la aina hii likawafia, ana klachi ya upande wa injini ya fo-stroki imelala stoo, tundu la inchi moja au moja na moja ya nane, haijalishi springi zake zimechoka juu hizo tutabadilisha, tafadhali aandike kwenye ukurasa huu huu aseme anataka ngapi.

Fundi wa injini ndogo,
Kisumu